Tunawafunza wanetu historia, lakini ramani tumeiacha wapi?

Neno 'ramani' tunalitamka kila uchao. Fundi ana ramani ya nyumba, serikali ina ramani ya mipaka, na kijana mwenye simu ana ramani inayomwelekeza hadi mlangoni pa rafikiye. Ni nadra, hata hivyo, mtu kujiuliza neno lenyewe lilitoka wapi. Wachunguzi wa etimolojia hulihusisha na 'rahmani', jina la vitabu vya manahodha wa Bahari ya Hindi, ambalo nalo lina mizizi katika neno la Kiajemi lenye maana ya kionyesha njia. Vitabu hivyo vilikuwa maandishi hasa: toka bandari hii, ifuate nyota ile, baada ya siku kadhaa utaiona rasi, jihadhari na mwamba. Yaani kabla ya ramani kuwa kitu cha kutazamwa, ilikuwa kitu cha kusomwa.

Naanza na neno hili kwa sababu kuna ujuzi unaotuponyoka: ujuzi wa kuisoma historia huku ramani iko mezani. Kwa miaka mingi mtahiniwa wa KCSE amekuwa akipewa kipande cha ramani ya skeli ya 1:50,000 katika karatasi ya kwanza ya Jiografia. Hupima barabara kwa uzi, hutaja nambari za gridi, husoma kontua na kueleza mlima uko upande gani wa mto. Kazi safi kabisa. Sasa mwanafunzi huyohuyo akiingia darasa la Historia, ujuzi wote huo anauacha mlangoni kama mtu anayevua viatu. Anakariri miaka ya vita na majina ya majemadari, lakini ukimuuliza jeshi lilitoka wapi, likapita wapi na lilichukua siku ngapi kufika, anakutumbulia macho.

Hebu tuwaendee Wagiriki na Warumi wa kale watusaidie kulitazama jambo hili. Labda msomaji atauliza: ya nini kwenda huko kote, ilhali historia yetu wenyewe hatujaimaliza? Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba wao walijadili ramani hadharani, katika mabaraza, wakati wa kuamua vita na amani. Na walipokosea, makosa yao yaliandikwa. Isitoshe, baadhi ya maandishi ya kale zaidi yanayoieleza pwani yetu ni ya Kigiriki. Asiyejua kuyasoma kwa ramani atasimuliwa na wengine habari za kwao.

Tuanze na skeli. Mnamo 499 KK, Aristagoras, mtawala wa mji wa Miletus katika nchi tunayoiita leo Uturuki, alisafiri hadi Sparta kuomba msaada wa kuwaasi Waajemi. Herodotus anasimulia kwamba alibeba bamba la shaba lililochorwa dunia nzima, bahari zote na mito yote. Miletus ulikuwa mahali pake: hapo ndipo alipoishi Anaximander, anayehesabiwa kuwa Mgiriki wa kwanza kuichora dunia, na pia Hecataeus aliyeiboresha kazi hiyo. Mbele ya mfalme Cleomenes, Aristagoras alipitisha kidole juu ya lile bamba. Hawa hapa ni Walidia, wana fedha nyingi. Jirani zao Wafrigia, wana mifugo. Kisha hawa, kisha wale, hadi Susa, mji wa mfalme wa Uajemi, penye hazina zote. Kidole kilivuka Asia kwa muda usiotosha kunywa kikombe cha chai.

Cleomenes hakuwa mtu wa vitabu, lakini aliuliza swali ambalo kila mwalimu wa Jiografia angelipigia makofi. Kutoka pwani hadi kwa huyo mfalme ni safari ya siku ngapi? Aristagoras, ambaye hadi hapo alikuwa amezungumza kwa ujanja mwingi, aliteleza akasema kweli: miezi mitatu. Mfalme akamwamuru aondoke Sparta kabla ya jua kutua.

Herodotus haachi jambo hilo hivihivi. Anakaa chini na kupiga hesabu. Barabara ya Kifalme kutoka Sardis hadi Susa, anasema, ina vituo 111 na urefu wa stadia 13,500. Msafiri akienda stadia 150 kwa siku, atatumia siku 90 barabara. Ongeza siku tatu za kutoka pwani ya Ephesus hadi Sardis. Tukikadiria stadia moja kuwa mita 180 hivi, tunapata takriban kilomita 2,400. Ramani ya Aristagoras haikuwa ya uongo kwa kile ilichokionyesha. Ilikuwa ya uongo kwa kile ilichokificha, nacho ni umbali. Ramani isiyo na skeli ni kama bei isiyo na sarafu: mtu anakwambia "mia mbili" nawe hujui kama ni shilingi au ni dola.

Kumbe mchezo haukuishia hapo. Aristagoras alipofukuzwa Sparta, alikwenda Athens, akazungumza na baraza la wananchi, nao wakakubali kutoa merikebu 20. Herodotus anatania kwamba inaonekana ni rahisi zaidi kuwadanganya watu wengi kuliko kumdanganya mmoja. Merikebu hizo 20 zilimkasirisha mfalme wa Uajemi, na yaliyofuata, Marathon mwaka wa 490 KK na Thermopylae mwaka wa 480 KK, yamejaa katika vitabu vya shule. Lakini ni wanafunzi wangapi wanaojua kwamba kisa hicho kilipita katika swali moja la skeli?

Ukidhani Waathens walijifunza, sikiliza ya mwaka wa 415 KK. Safari hii baraza lao lilikuwa linajadili kukivamia kisiwa cha Sicily. Mwanahistoria Thucydides, aliyeishi wakati huohuo na aliyekuwa jemadari, anasema wazi kwamba wengi wa waliopiga kura hawakujua ukubwa wa kisiwa hicho wala wingi wa wakazi wake. Anaongeza kipimo cha baharia: merikebu ya mizigo huhitaji karibu siku nane kukizunguka. Plutarch, aliyeandika karne kadhaa baadaye, anatusimulia kwamba vijana viwanjani na wazee barazani walikaa wakichora umbo la Sicily, wakionyeshana ilivyoelekeana na Libya na Carthage. Walikuwa na michoro, naam. Kila mtu alikuwa mtaalamu. Lakini mchoro wa kijiti mchangani hausemi kwamba Sicily ina kilomita za mraba zaidi ya 25,000, takriban mara kumi ya Attica, jimbo la Athens yenyewe. Wala hausemi kwamba kati ya Athens na Syracuse kuna zaidi ya kilomita 700 hata kwa mstari ulionyooka, na kwamba merikebu za siku hizo hazikwenda kwa mstari ulionyooka bali zilifuata pwani, zikilala kila penye maji na chakula.

Jemadari Nicias alijaribu kuwaonya. Hawakumsikia. Msafara wa kwanza ulikuwa na merikebu za vita 134, na baadaye zikaongezwa nyingine zipatazo 73. Mwaka wa 413 KK yote yalikuwa yamekwisha. Mateka wasiopungua 7,000 walitupwa katika machimbo ya mawe ya Syracuse, juani mchana na baridini usiku, wakipewa chakula na maji kidogo mno, na wengi hawakutoka hai. Ni kweli kwamba ramani pekee isingeliwaokoa; palikuwa na tamaa, siasa za ushindani na makamanda wasioelewana. Lakini kura ile ilipigwa na watu wasiojua ukubwa wa kitu walichokuwa wakikitaka. Demokrasia isiyosoma ramani ina gharama, na gharama yenyewe haikulipwa na wasemaji hodari peke yao.

Jambo la pili ni mwelekeo, na hapa lugha yetu ina hazina. Tunaposema 'kaskazini' tunautaja upepo wa kaskazi, unaovuma kuanzia Desemba hadi Machi hivi na kuleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi. Tunaposema 'kusini' tunautaja upepo wa kusi, unaoyarudisha. Wagiriki walifanya vivyo hivyo. Boreas ni upepo wa kaskazini na pia ni upande wa kaskazini. Notos ni upepo wa kusini na upande wake. Mjini Athens lingali limesimama jengo la mawe lenye pande nane lililobuniwa na Andronicus wa Cyrrhus, na kila upande umechongwa sanamu ya upepo wake. Ama 'mashariki' na 'magharibi', maneno tuliyoyapata kwa Waarabu, hayo yanahusu jua linakochomoza na linakotua, sawa na yale ya Kilatini yenye maana ya kuchomoza na kutua. Watu wa bahari mbili tofauti walijipanga duniani kwa upepo na jua. Mwanafunzi anayeona kwamba upande wa dira ulikuwa kwanza upepo usoni mwa nahodha hawezi tena kuuliza kwa nini msafara ulisubiri miezi bandarini.

Jambo la tatu ni kuijua aina ya ramani uliyoishika. Warumi walikuwa mabingwa wa barabara. Walipima kwa hatua elfu moja, 'mille passus', umbali wa takriban kilomita moja na nusu, na wakasimika mawe ya kuonyesha umbali kando ya njia. Neno letu 'maili' tulilipata kwa Mwingereza, lakini ndani yake mna 'elfu' ya Kirumi. Mjini Vienna huhifadhiwa nakala ya enzi za kati ya ramani ya barabara zao, inayojulikana kwa jina la Konrad Peutinger aliyewahi kuimiliki. Ina urefu wa karibu mita saba na kimo cha sentimita 34 tu. Ukiitazama mara ya kwanza utacheka. Bahari ya Mediterania imebanwa ikawa kama mfereji, Italia imelala kama nyoka, na nchi zilizo mbali kwa upande wa kaskazini na kusini zimekaribiana kama majirani wa ploti moja.

Je, Warumi hawakujua umbo la Italia? La, si hivyo. Ramani ile haikukusudiwa kuonyesha umbo. Inaonyesha vituo, na kati ya kituo na kituo imeandikwa namba ya umbali. Ni kama kondakta wa matatu anavyokueleza njia: ukishuka hapa, panda ya pale, stegi ya tatu ndiyo yako. Hakuambii kaskazini iko wapi, na bado unafika. Kosa ni la msomaji anayechukua ramani ya njia akataka kuipimia eneo. Kila ramani hujibu swali fulani na kunyamazia mengine, na kazi ya kwanza ya msomaji ni kulijua swali lake.

Jambo la nne, ambalo walimu wengi hulisahau, ni umri wa ramani. Mwaka wa 494 KK uasi ule wa Aristagoras ulizimwa katika vita vya majini vilivyopiganwa karibu na kisiwa cha Lade, mbele ya bandari ya Miletus. Herodotus anahesabu merikebu 353 upande wa waasi. Chukua ramani ya kisasa ukitafute kisiwa hicho. Hutakiona! Mto uitwao Maeander zamani zile umemwaga mchanga na tope kwa zaidi ya miaka 2,000, ghuba ikajaa, na Lade leo ni kilima katikati ya tambarare. Miletus, mji uliowazaa wachoraji wa kwanza wa ramani, uko kilomita kadhaa kutoka baharini. Hata Thermopylae, kile kipenyo chembamba kati ya mlima na bahari ambapo Waspartan walilikabili jeshi la Uajemi, leo kina uwanda mpana mbele yake, kwa kuwa mto Spercheios nao haukulala. Mwanafunzi akiiangalia picha ya sasa atauliza kwa nini Waajemi hawakupita tu kandokando. Swali zuri, ila ramani aliyoishika si ya mwaka ule.

Sasa twende kwetu. Katikati ya karne ya kwanza BK, mfanyabiashara mmoja wa Misri aliyeandika Kigiriki, ambaye jina lake halikuhifadhiwa, alitunga mwongozo wa bandari za Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi. Huitwa 'Periplus', yaani safari ya kuzunguka kwa chombo. Hauna mchoro. Ni maandishi ya bandari, siku za safari, bidhaa na hatari. Kwa neno moja, ni rahmani. Pwani yetu anaiita Azania. Anakitaja kisiwa cha Menuthias, kilichoko takriban stadia 300 kutoka bara, kisha baada ya siku mbili soko la mwisho liitwalo Rhapta, penye pembe za ndovu na magamba ya kasa. Jina Rhapta, anaeleza, limetokana na vyombo vilivyoshonwa, kwa maana kitenzi cha Kigiriki cha kushona kimo ndani yake. Msomaji wa Lamu hahitaji kufasiriwa: mababu zake walishona mitepe kwa kamba za nazi hadi karne ya ishirini.

Menuthias ni kisiwa gani? Chukua rula. Stadia 300 ni kama kilomita 54. Pemba iko kilomita 50 hivi kutoka bara. Unguja iko karibu zaidi, na Mafia karibu zaidi ya hapo. Kipimo cha umbali kinaipendelea Pemba. Lakini baharia hakuwa na rula, alikadiria kwa macho na upepo. Kwa hiyo wapo wataalamu wanaoitetea Unguja na wapo wanaoitetea Mafia. Na tazama: ukiichagua Pemba, zile siku mbili za safari zinaiweka Rhapta mahali pamoja pa pwani, ukiichagua Mafia, Rhapta inasogea kusini zaidi. Ndiyo maana Pangani, Dar es Salaam na delta ya Rufiji zote zimewahi kutajwa, na jembe la mwakiolojia bado halijaumaliza mjadala. Zoezi hili linaweza kufanywa na mwanafunzi wa kidato cha pili kwa rula, penseli na atlasi ya shule. Akilifanya mara moja, hatalisahau neno Azania.

Karibu mwaka wa 150 BK, Ptolemy wa Alexandria alitunga 'Jiografia' yake, yenye orodha ya mahali panapokaribia 8,000, kila pahali na latitudo na longitudo yake. Rhapta imo. Hapo mwanadamu alikuwa amepata njia ya kupataja mahali popote kwa namba mbili. Lakini huyu bingwa wa hesabu alikubali kipimo cha dunia cha stadia 180,000, ilhali Eratosthenes, aliyelinganisha kivuli cha Alexandria na jua la Syene karne nne kabla yake, alikuwa ameipa stadia 252,000. Isitoshe, Ptolemy alidhani kwamba kusini ya pwani yetu ardhi inapinda kuelekea mashariki hadi kuungana na Asia, hivyo Bahari ya Hindi kwake ilikuwa ziwa kubwa. Yule mfanyabiashara asiye na jina aliandika kwamba ng'ambo ya Rhapta bahari isiyochunguzwa inapinda kuelekea magharibi na kuungana na bahari ya upande ule. Nani alikuwa sahihi? Mfanyabiashara! Namba za Ptolemy zilikuwa nzuri kuzitazama, lakini namba zikijazwa dhana huzaa dhana yenye nyuzi na dakika.

Pengine bado msomaji anaona haya ni mambo ya kale yasiyomhusu. Basi akumbuke mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka wa 1886. Mpaka uliokuja kuitenga Kenya na Tanzania ulielezwa kuanzia mdomo wa mto Umba, ukizunguka upande wa kaskazini wa Kilimanjaro, hadi pale nyuzi moja ya latitudo ya kusini inapokutana na Ziwa Viktoria. Nyuzi moja kusini! Namba ya aina ileile aliyoitumia Ptolemy ilitosha kuwagawa Wamaasai kati ya dola mbili, bila yeyote kati yao kuwa mezani. Waliokuwa mezani walijua kuisoma ramani. Waliokuwa malishoni waliijua ardhi yenyewe nyasi kwa nyasi, lakini haukuulizwa ujuzi wao.

Kwa hivyo mwalimu wa Historia asingoje vifaa vya bei. Ramani moja ukutani yatosha, na maswali manne kwa kila tukio. Ni mbali kiasi gani, kwa siku na si kwa kilomita pekee? Upepo na njia vilielekea wapi? Ramani hii ilichorwa ili kujibu swali gani? Je, nchi ilikuwa hivi wakati ule? Mwanafunzi aliyeyazoea maswali haya atamsoma Herodotus vizuri, na vilevile ataisoma ramani ya shamba la babake siku atakapoletewa aitie sahihi. Siku hiyo atakuja mtu na karatasi, atapitisha kidole juu yake haraka haraka, kama Aristagoras. Heri kijana wetu awe wa kuuliza, kama Cleomenes: kutoka hapa hadi hapo, ni umbali gani?